Pima Mia na Hamsini za Waya

Jambo lote liligharimu shilingi kumi na mbili na sumuni. Nimeipiga hesabu hiyo mara mbili kila mwaka na haijawahi kubadilika. Hiyo ndiyo faida niliyoiba mimi. Upande wa pili wa daftari yuko mtu mmoja, dereva wa katapila, rafiki yangu, aliyekuwa akiinama kwenye kila mlango wa Nakuru. Hapo ndipo hesabu inaponishinda, maana sijaona mizani inayopokea sumuni upande huu na mtu upande ule.

Wakati huo nilikuwa nauza vyuma chakavu nyuma ya soko. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya mkoloni ikipigana na watu wa msituni. Wakikuyu walikuwa wamezolewa mashambani kwa malori, wake kwa waume, na nyumba zao kwenye laini za wafanyakazi zilibaki milango wazi, kuku wakiingia na kutoka kama wapangaji. Sisi tuliotoka magharibi, ambao baba zetu waliletwa na reli, tulihesabiwa kuwa watu safi. Lakini ulikuwa usafi wa karatasi. Mimi nilikuwa nazo tatu, na kila asubuhi nilizihesabu mara mbili kabla ya kufunga mlango. Nilimjua mtu aliyesahau moja nyumbani, akaenda kukaa nyuma ya seng'enge miezi minne, na hakuwa na kosa lingine lolote.

Vyuma nilivinunua mashambani na kwenye minada, nikawauzia mafundi. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha zamani, lakini mali yake ilikuwa bado inaingia mjini kama wageni wa matanga waliochelewa: masanduku ya risasi matupu, minyororo, madebe, na waya wa simu za jeshi, mweusi, nyuzi nne ndani ya ngozi moja. Waya huo ulikuwa mzuri. Nilikuwa nao mzigo mzima.

Waya na kamba tuliuza kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Na desturi ya soko letu ilikuwa kwamba mwenye mali ndiye anayepima. Mnunuzi alikuwa na haki ya kutazama, kudharau, kutukana kidogo, na kuondoka. Kupima hakuwa na haki. Kila mtu alijua kwamba pima moja ni yadi mbili, futi sita kamili. Mimi mikono yangu, ikinyooshwa mpaka mabega yalie, inafika futi tano. Mungu alinipa mikono mifupi nikiwa sina mtaji, nami nikaielewa ishara. Katika kila kamba iliyotoka kibandani kwangu, sehemu moja katika sita ilibaki nyumbani, na hapakuwa na askari wa kunishtaki, kwa sababu hakuna sheria inayomkataza mtu kuwa mfupi.

Rafiki yangu dereva alilijua hilo kuliko wote. Tulikuja Nakuru kwa treni moja, behewa moja, tukigombania dirisha. Yeye akaenda kufanya kazi katika shamba la Mzungu mmoja upande wa Njoro, akafundishwa katapila, na ikawa kama alizaliwa nayo. Watu walisema akilima huwezi kujua kwamba mashine imepita. Unafikiri ardhi yenyewe imegeuka upande wa pili kulala. Siku za mwisho wa mwezi alikuja kwangu, akakaa juu ya dramu, tukataniana.

"Habari ya mikono?" aliniuliza kila mara.

"Haijakua."

"Ikikua utafilisika."

Yule Mzungu wake alikuwa mhandisi wa jeshi wakati wa vita, huko Italia. Alimsimulia dereva, siku moja walipokuwa wanafungua gia pamoja, kwamba huko aliona vigari vya adui, vya chuma, vinatembea kwa minyororo kama katapila, vidogo kama meza ya karani, na ndani hamna mtu. Vilikokota waya nyuma, na mtu aliyejificha mbali alishika kisanduku cha swichi akaviendesha mpaka kwenye shimo lako, kisha akavilipua. Kimoja kilimjia yeye. Kombora likakata waya wake, nacho kikasimama mbele ya uso wake, injini inanguruma, hakiendi mbele wala hakirudi. Alilala kwenye tope akikitazama mpaka mafuta yakaisha. Hakikulipuka.

"Tangu siku hiyo hapati usingizi vizuri," dereva aliniambia. "Na mtu asiyelala, ndugu yangu, hutengeneza vitu."

Alichotengeneza ndicho ninachokieleza. Jirani mmoja wa huyo Mzungu alikuwa ameuawa, na askari walioingia makorongoni na kwenye vichaka vya leleshwa kuwatafuta watu wa msituni, wengine hawakutoka. Mzungu akasema: iingie mashine. Akachukua katapila ya rafiki yangu. Akang'oa kiti. Akakata vijiti vya usukani, akafunga sumaku za umeme mahali pake. Akaifunika yote kwa mabamba ya chuma, juu ikawa sawa kama kaburi la saruji, na mbele akaacha ufa wa kutokea mdomo wa bombomu, ile bunduki ya kumimina risasi. Kwenye kisanduku, mwisho wa waya, swichi nne: kushoto, kulia, simama, piga.

Dereva alikuja kwangu kibandani amebeba kile kiti begani. Alikuwa ametumwa akiuze, na anunue waya. Alikiweka chini polepole, kama mtu anayeshusha mgonjwa.

"Hiki usikiuze upesi," alisema. "Nitakinunua mwenyewe mwisho wa mwezi."

"Kiti bila katapila utakifanyia nini?"

"Nitakikalia. Mbona unauliza maswali kama polisi?"

Nikamuuliza mashine mpya inaendaje. Hakucheka. Aliniambia kwamba mara ya kwanza ilipotembea peke yake uani, yeye akiwa amesimama pembeni mikono mitupu, ilipokata kushoto aliona mkono wake wa kushoto unavuta hewa. Ilipokata kulia, wa kulia ukavuta. Ng'ombe walikimbia. Wanawake walisema haifai kutazamwa usoni. Lakini hofu yake yeye ilikuwa nyingine, ya kiufundi.

"Sikiliza," alisema. "Mzungu amefunga zile sumaku hivi: ukitaka isimame, lazima upeleke umeme. Usipopeleka kitu, inaenda. Umeelewa? Ukinyamaza, inaenda."

"Basi asinyamaze."

"Ndiyo maana anataka waya mrefu wa kutosha. Yadi mia tatu. Ameandika hapa."

Karatasi ilisema hivyo: yadi mia tatu. Tukapiga hesabu wote wawili: pima mia na hamsini. Sumuni, nusu shilingi, kwa pima. Shilingi sabini na tano. Nilianza kupima. Nilinyoosha mikono, nikahesabu kwa sauti, naye alikuwa amekaa kwenye kile kiti chake, miguu yake mirefu imefika mpaka njiani, ananitazama.

Nilipofika ishirini alisema, "Ngoja. Nipime mimi."

"Sokoni pima ni ya mwenye mali."

"Mikono hiyo ni ya kupimia nguo za mtoto mchanga, bwana. Hii si kamba ya mbuzi. Basi tuukokote mpaka barabarani, tuunyooshe, nihesabu kwa hatua."

"Barabarani kuna lori la polisi limesimama. Unataka wakukute unanyoosha waya wa jeshi barabarani, wakati huu? Una karatasi ya hilo?"

Alifikiri. Hoja ilikuwa nzuri. Hoja zangu nyingi zilikuwa nzuri. Nikaendelea: ishirini na moja, ishirini na mbili. Alitingisha kichwa, akacheka kidogo.

"Haya. Pesa si zangu. Ukiwa mfupi Mzungu ataongeza."

"Ataongeza," nilisema.

Mia na hamsini. Nilihesabu mara mbili mbele yake, ili asije akasema nilimwibia. Kisha nikamnunulia chai na mandazi mawili, na ninakumbuka kwamba la pili alilifunga kwenye ile karatasi ya yadi mia tatu akampelekea mkewe.

Siku ya kuionyesha mashine ilikuwa Jumamosi. Nilikuwepo kwa sababu Mzungu alikuwa na vyuma zaidi vya kuuza, na biashara haichagui siku. Maofisa walikuja kwa magari matatu, vumbi jeupe limewapaka nyusi. Uwanja ulikuwa shamba lililovunwa pareto, linaloteremka. Juu kulikuwa na meza chini ya turubai, na juu ya meza kile kisanduku cha swichi. Katikati ya mteremko zilisimama sanamu za magunia yaliyojazwa mabua makavu, zimevalishwa makoti makuukuu ya wafanyakazi. Mzungu aliyanunua kwa watu wa laini kwa shilingi moja moja, na hakuna aliyekataa shilingi. Chini ya sanamu, mbali kidogo, kulikuwa na mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa. Hapo ndipo mashine ilipotakiwa kusimama na kugeuka. Chini ya mawe, mteremko uliendelea mpaka kwenye laini: nyumba za watu, bomba la maji, nguo zimeanikwa, watoto.

Nilihesabu sanamu. Kumi na moja. Nikahesabu tena zikawa kumi. Ya kumi na moja ilikuwa imeanza kutembea kuja kwangu. Alikuwa rafiki yangu, ametoka kurekebisha kola ya sanamu ya mwisho.

"Lile pale ni koti langu," aliniambia. "Mke wangu aliliuza bila kuniuliza. Leo nitapigwa risasi huku natazama."

"Utajisikiaje?"

"Nitakwambia baadaye."

Mzungu alimwita. Alisema mbele ya wote, kwa kile Kiswahili chao, akiinua kidole: "Wewe hapana panda hii gari. Hii gari hapana taka mtu." Dereva akajibu, "Ndiyo, bwana." Neno hilo wote tulilisikia. Karani wa polisi aliliandika baadaye vizuri kabisa.

Injini ikawashwa. Mashine ikaanza kuteremka, na dramu ya waya mgongoni mwake ikawa inazunguka, waya unalala nyuma yake kwenye majani. Ilikwenda kwa mwendo wa mtu anayeongoza ng'ombe. Ninaulizwa mara nyingi ilikuwaje, na watu hutaka niwaambie ilitisha kwa kelele. Haikuwa kelele. Niliizoea ile injini; ilikuwa ileile iliyolima Njoro yote. Kilichonitisha ni kwamba ilikuwa na adabu. Ilikata kushoto kidogo kukwepa kichuguu, ikarudi, sawasawa kama rafiki yangu alivyokuwa akifanya. Nikamgeukia. Mikono yake ilikuwa mbele ya tumbo, inavuta hewa.

Bombomu ililia. Sanamu zikatikisika, mabua yakaruka, lile koti likaanguka kifudifudi. Maofisa wakapiga makofi. Mashine ikapita katikati ya sanamu, ikaelekea kwenye mawe meupe, na mimi nikaanza kuhesabu.

Sikuwa nimekusudia. Ni tabia tu. Niliitazama ile dramu na nikaona imekonda. Nikapima kwa macho mpaka kwenye mawe: zilikuwa zimebaki kama yadi thelathini. Nikajua. Katika uwanja ule wenye mhandisi na maofisa na ramani, mtu pekee aliyejua kwamba waya unaisha alikuwa mimi, kwa kuwa mimi peke yangu nilijua urefu wa mikono yangu. Ningeweza kupiga kelele. Ningesema nini?

Waya ukaisha. Ncha yake ikachomoka kwenye dramu, ikalala kwenye majani kama mkia ulioachwa na mjusi. Mashine ikaenda.

Mzungu alibonyeza swichi ya kusimama. Akabonyeza tena. Akainua kile kisanduku mezani akakitikisa. Uso wake haukuwa wa mtu mwenye hasira. Ulikuwa wa mtu aliyelala kwenye tope zamani. Mashine ikayapita mawe meupe, ikaponda mawili, ikashuka. Huko chini mwanamke mmoja alisimama kwenye bomba na debe, akaitazama inavyokuja, akafikiri ni sehemu ya maonyesho.

Rafiki yangu alikuwa ameshaanza kukimbia. Miguu mirefu ile. Aliifikia chini ya mawe, akaruka juu yake, pale pale alipozoea kuruka kila asubuhi. Na hapakuwa na kitu. Hapakuwa na kiti, hapakuwa na kijiti. Lilikuwa bamba tupu. Nilimwona analipapasa kwa viganja viwili, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake gizani. Kisha akashuka upande wa kushoto, akatembea sambamba na mnyororo, akaingiza mkono chini ya bamba mpaka begani.

Alikuwa anatafuta koki ya mafuta. Mzungu alipofunika mashine aliiacha pale pale ilipokuwa. Koki ile ilikuwa imelegea miaka miwili, na ni yeye tu aliyejua kwamba ukiifunga bila kuishikilia, mtikisiko unaifungua tena. Kwa hiyo aliifunga, akaishikilia. Injini haizimi papo hapo. Lazima kwanza inywe mafuta yaliyobaki kwenye bomba. Akatembea nayo akiwa amekumbatia chuma, anarudi kinyumenyume nusu, anachagua pa kukanyaga hatua moja baada ya nyingine kwenye mawe. Angeweza kuachia. Nimelifikiria sana hilo. Kila hatua angeweza kuachia.

Jiwe likamkwaza karibu na mwisho. Mnyororo ukamchukua mguu, ukapanda. Mkono haukutoka. Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Kutoka pua ya ile mashine mpaka ukuta wa nyumba ya kwanza zilikuwa hatua ishirini na tatu. Nilizipima kwa miguu yangu, mara mbili, wakati wengine wanatafuta mtaimbo wa kuinua mnyororo. Sijui kwa nini nilizipima. Ndicho kitu pekee nilichojua kufanya.

Tulimpakia kwenye lori. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu na mkewe alishika mikono. Karibu na njia panda ya kuingia mjini alifumbua macho akanitazama mimi.

"Imesimama?"

"Imesimama."

"Haya," alisema, kama mtu aliyepewa chenji yake sawasawa. Hakufika hospitali.

Wiki iliyofuata ofisa wa polisi na karani wake walifanya uchunguzi kwenye ghala la shamba. Walikaa nyuma ya meza ileile. Niliitwa. Nilikuwa na karatasi zangu tatu mfukoni na nilijua vizuri kwamba siku zile mtu aliyeliuzia jeshi kitu pungufu hakuitwa mwizi, aliitwa adui. Mwizi anakaa miezi sita. Adui hakuna aliyekuwa anahesabu anakaa muda gani.

"Wewe ndiye uliyeuza waya?"

"Ndiyo, afande."

"Kiasi gani?"

"Pima mia na hamsini."

"Una hakika?"

"Nilihesabu mara mbili. Marehemu mwenyewe alikuwepo."

Yote yalikuwa kweli. Karani akaandika. Ofisa akazidisha kwa mbili, akapata yadi mia tatu, akaridhika. Mzungu alisema yeye alipima uwanja kwa mnyororo wa vipimo na uwanja ulikuwa sawa. Hilo pia lilikuwa kweli. Basi kama waya ulitosha na uwanja ulikuwa sawa, waya ulichomoka kwa bahati mbaya, na marehemu alipanda gari alilokatazwa kulipanda, mbele ya mashahidi. Karatasi ikafungwa. Mtu aliyevunja amri kazini halipwi fidia, kwa hiyo mjane hakulipwa. Nyumba ya laini ni ya mfanyakazi, kwa hiyo mwisho wa mwezi alitakiwa aiache. Ilikuwa nyumba ya kwanza, ile ya hatua ishirini na tatu.

Mjane alihamia mjini na mtoto wake wa kiume, akawa anauza uji na mahindi ya kuchemsha karibu na karakana ya reli. Nilinunua uji pale kila siku, na mimi sipendi uji. Siku moja nilimwekea noti ya shilingi ishirini chini ya kikombe.

"Shemeji, hii ni ya nini?"

"Ya marehemu."

"Alikuwa anakudai?"

"Kidogo."

"Kidogo ngapi?"

Nikashindwa kutaja. Katika maisha yangu yote sijawahi kushindwa kutaja bei. Akanirudishia ile noti, imekunjwa vilevile.

"Angekudai angeniambia. Hakuwa ananificha hata senti tano. Kunywa uji wako, unapoa."

Yule Mzungu naye hakuisogeza mashine. Ilibaki pale ilipozimia, majani yakaota kati ya minyororo. Wafanyakazi walisema jioni alikuwa akibeba kiti cha nyumbani anakaa mbele yake, anaitazama, kama anayesubiri mafuta yaishe. Mwishowe aliniita anitajie bei. Ilikuwa bei ya kuchekesha. Mtu hatajiwi bei kama ile mara mbili. Nikaizunguka mashine, nikahesabu mabamba, nikahesabu ribiti. Nikafika upande wa kushoto. Jua lilikuwa limeipiga mchana kutwa na chuma kilikuwa kinapoa, kinatoa mlio: ti, ti, ti, polepole. Nikajikuta nahesabu ule mlio. Nikasema, bwana, mimi sina lori la kubeba kitu hiki. Lori lilikuwa nyuma yangu, wote wawili tulikuwa tunaliona. Hakubisha. Mpaka leo, mahali penye ukimya mrefu, kanisani au kwenye foleni ya posta, naisikia inakuja, kwa ule mwendo wa kuongoza ng'ombe, na hakuna anayepeleka kitu kwenye waya.

Ile mikono nilikuwa nimeacha kuitumia. Niliagiza fimbo ya chuma ya yadi moja nikapimia hiyo. Wateja walisema nimeokoka.

Miaka ile ya hamsini ilikuwa inaelekea kuisha siku mjane aliponiambia, huku anakoroga uji, kwamba mtoto amerudi shuleni na mdomo umepasuka. Wenzake ambao baba zao bado walifanya kazi kwenye lile shamba walimwimbia kwamba baba yake alikufa kwa kudandia. Karatasi ya serikali inasema hivyo; karani alishawasomea watu. Mtoto akapigana. Kisha akamuuliza mama yake: kwani ni uongo?

"Nimjibu nini, shemeji? Wewe ulikuwepo."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia ishirini na moja, ishirini na mbili. Palikuwa mchana, watu wa reli wanapita, wengine wanaagiza mahindi, naye alikuwa akiwahudumia na kurudisha chenji huku ananisikiliza. Nilipomaliza alifuta mikono.

"Nyoosha mikono."

"Shemeji, watu wanatazama."

"Nyoosha."

Nikasimama pale njiani nimenyoosha mikono kama sanamu ya shambani. Alichukua kamba aliyofungia gunia, akaipitisha kidole mpaka kidole, akafunga fundo. Kisha akaipima yeye mwenyewe kwa mikono yake, mwanamke wa kimo cha kawaida. Hata kwake ilipungua.

"Kwa shilingi ngapi?"

"Kumi na mbili na sumuni."

"Na ukanipa ishirini." Akafikiri. "Kwa hiyo ulikuwa unataka chenji."

Nilitoa kila nilichokuwa nacho mfukoni. Hakukitazama. Akasema hataki pesa, pesa atamwambia mtoto imetoka wapi? Anataka ile karatasi iseme vingine. Iseme kwamba mume wake alishika koki.

Nilikwenda. Wakati huo hali ya hatari ilikuwa imelegea na sikuwa naogopa sana. Au niliogopa, lakini nilikwenda. Karani wa polisi alikuwa mtu mstaarabu, akaitafuta karatasi akaipata, akaniwekea mezani. Akaniuliza ni wapi penye makosa ili apeleke kwa mkubwa. Nikaisoma mara mbili. Pima mia na hamsini: kweli. Yadi mbili kwa pima: kweli. Uwanja: kweli. Alikatazwa kupanda: kweli. Alipanda: kweli. Karani alisubiri na kalamu mkononi. Nikamwambia makosa yako kwenye mikono yangu. Akasema, mzee, hapa tunasahihisha maandishi.

Mjane bado yuko hai, anakaa na mwanawe mtaa wa Free Area. Nikipita ananikaribisha, ananipa uji, ninalipa bei kamili na kupokea chenji kamili. Mwezi uliopita aliniuliza tena nimefikia wapi. Mimi kila biashara nimeijua njia yake, lakini hii siijui. Basi wewe unayesoma, kama umewahi kufanya kazi ya ukarani, au sheria, au hata uchungaji, niambie: karatasi ambayo kila namba yake ni ya kweli inasahihishwaje, na ninaanzia dirisha gani?